Misemo ya Wazungu na Msiba wa Mjomba Bwanali

Jumapili, 6 Oktoba

Leo nyota yangu imewaka. Naandika kabla haijazimika.

Bi Ziada, mwenye nyumba wangu, ndiye pia mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaobangua korosho hapa Mkunya. Asubuhi ametangaza barazani kwamba Ijumaa tutapata wageni. Wanunuzi kutoka Ulaya! Wanataka kuona korosho inavyobanguliwa kwa mkono, na wakipendezwa watanunua mwaka hadi mwaka. Kikundi kinatafuta mkalimani.

Nilikuwa nakunywa uji. Nusura nipaliwe.

Nani hapa anajua Kiingereza kuliko mimi? Nimewahi kuwa mlinzi wa nyumba ya wageni kule Ndanda, msimu mzima wa mvua. Waingereza walikaa barazani jioni wakipiga soga, nami nikiwa getini masikio wazi. Sikupoteza muda na mambo ya hiki kiti, kile kikombe. Hayo hata mtoto anayajua. Mimi nilijifunza misemo, kiini chenyewe cha lugha. Jambo likiwa rahisi, Mwingereza husema ni "piece of cake", kipande cha keki. Akiumwa kidogo, husema yuko chini ya hali ya hewa. Jambo likitokea kwa nadra, hutokea mara moja katika mwezi wa buluu. Naijua yote na maana zake. Kuuliza soko liko wapi, hapo sina uhakika. Lakini soko liko palepale siku zote, la kuuliza ni nini?

Mmoja wao alipoondoka aliniachia tai nyekundu. Naivaa kwenye mambo mazito.

Kuna kikwazo kimoja. Mwalimu Alfredi wa shule ya msingi. Yeye ni Mmakua wa Masasi na mimi Mmakonde, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Ndivyo tulivyoachiwa na wazee. Nadhani hao wazee hawakumjua Alfredi. Akinikuta njiani huniuliza kama leo nimeoga au nimejipangusa kwa umande, maana sisi wa mlimani maji ni ya kuvizia. Nami humwuliza kama kwao bado wanapikia ugali juu ya majabali. Watu hucheka. Yeye hucheka kuliko wote, hapo ndipo ninapochoka.

Na kuna jambo kubwa kuliko yote. Mama Naima. Jina lake Stamili, mume wake alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji akamtumia talaka kwa simu. Nilimwambia juzi kwamba nina jambo. Akasema jambo lenyewe analijua, na jibu atanipa wageni wakishaondoka, kwa sasa kichwa chake kimejaa korosho. Basi mambo ni wazi. Niwe mkalimani, wageni wapendezwe, Mama Naima aone kwa macho yake, na jibu liwe ndiyo.

Nimelala nikitabasamu. Godoro limeshangaa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefungua darasa. Wazo langu mwenyewe. Kina mama wakijua misemo kidogo, wageni watajisikia nyumbani, na kila mtu atamjua mwalimu ni nani.

Walikuja wote, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, wakakaa juu ya mikeka bandani pao. Nilivaa tai. Upepo ulikuwa mkali, nikawa nafundisha huku nimeishika kwa mkono mmoja isinipige usoni. Nilijiona nimependeza.

Nilianza na kipande cha keki. Bi Ziada akauliza kwa nini wasiseme rahisi kama kumsukuma mlevi. Nikamweleza kwamba Ulaya walevi hawasukumwi. Nikaja kwenye mvua. Mvua ikiwa kubwa, Mwingereza husema wananyesha paka na mbwa. Wakachungulia nje angani, maana tangu Mei hatujaona tone. Bi Ziada akasema hata wakinyesha fisi, mradi waje na maji. Darasa likavurugika.

Nikawafundisha kwamba kutoa siri ni kumwaga maharage. Wakataka kujua kama mbaazi zinakubalika. Nikawafundisha kumwambia mtu mwenye haraka ashike farasi wake. Hakuna aliyewahi kuona farasi. Tukakubaliana punda.

Halafu nikawapa lulu yangu. Kumtakia mtu heri, Mwingereza humwambia "break a leg", vunjika mguu. Nikasema Ijumaa tutawapokea wageni kwa maneno hayo, sote kwa pamoja. Walikataa katakata! Bi Ziada alisema kumwombea mgeni avunjike mguu kabla hata hajanywa maji ni uchawi, na uchawi haufanyiwi mazoezi.

Alfredi alikuwa amesimama mlangoni, amekuja bila kualikwa. Alicheka mpaka akachutama.

Lakini siku haikuharibika yote. Mama Naima alinyoosha mkono. Aliuliza ule msemo wa mtu asiyesema anachotaka. Nikamwambia huyo anazunguka kichaka, "beat around the bush". Akaomba niurudie. Nikaurudia. Akaurudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mwanafunzi bora kabisa.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimegundua kosa la jana. Maneno matupu. Watu wa huku tunajifunza kwa vitendo. Korosho haibanguliwi kwa hotuba.

Nikaamua leo kufundisha msemo wa kufa. Mwingereza akifa husemwa amepiga teke ndoo. Nikaona ndoo ya Bi Ziada imekaa pembeni ya banda, imefunikwa sahani. Nikasema tazameni, nikaipiga teke.

Ilikuwa imejaa.

Bi Ziada aliamka kabla ya jogoo kwenda kupanga foleni bombani. Maji yale yalikuwa ya kupikia, ya kunawa na ya chai ya kikundi. Yalitambaa mpaka kwenye vumbi, vumbi likayanywa mara moja. Wanawake wote walisimama. Hakuna aliyenigombeza. Ningependa wangenigombeza. Waliitazama ile ardhi iliyolowa kama watu wanaotazama kaburi. Huku Newala mtu anaweza kukuibia kuku ukamsamehe, lakini maji huyamwagi.

Bi Ziada akaniuliza, sauti ya chini kabisa, kama huko kwa Waingereza ndoo hukaa tupu. Nadhani mabomba yao hayana foleni.

Nimepewa adhabu ya kuteka maji mpaka wageni waje. Nimekaa kwenye foleni jua lote, mwanamume pekee. Kina mama walinipisha mbele kwa huruma, kisha wakanirudisha nyuma kwa kunikumbuka. Alfredi alipita na baiskeli yake. Akaniambia anafurahi kuona Mmakonde amejua njia ya kwenda kwenye maji.

Mama Naima alinisaidia kujitwisha ndoo. Kwangu ilitosha. Ndoo iliyopinda ukingo kwa teke langu inapendeza zaidi kuliko nzima.

Jumatano, 9 Oktoba

Wamefanya usaili. Bi Ziada alitupa sentensi moja, mimi na Alfredi, tuitafsiri mbele ya kikundi: Karibuni, hii ndiyo kazi ya mikono yetu.

Alfredi aliisema. Maneno machache, makavu, hakuna hata chumvi. Mimi nikasema kwamba tuko juu ya mwezi, yaani tumefurahi mno, kwamba kazi hii haikuwa kipande cha keki, na kwamba wageni washike farasi wao. Bi Ziada akamwuliza Alfredi nimesema nini. Alfredi akasema nimesema mambo mengi, ila karibuni haimo.

Amechaguliwa yeye. Mimi nitawashikia wageni mwavuli.

Sikukasirika. Mtani hakasirikiwi. Nilirudi chumbani, nikala ugali wa muhogo na samaki mkavu, nikanywa maji ya adhabu yangu mwenyewe, nikafikiri. Kwa kweli nilifurahi kidogo, maana kichwa changu hufanya kazi vizuri kikiwa kimeshindwa.

Ijumaa Alfredi asiwepo Mkunya. Hilo ndilo jambo. Nini kinachomwondoa Mmakua kijijini siku yenye shughuli? Ugonjwa? Hana. Mke wake Yasinta yuko Masasi, humtembelea mwisho wa mwezi. Kazi? Ataomba ruhusa.

Msiba wa mtani!

Mtani akifiwa, huulizi nafasi. Unakwenda. Wewe ndiye mchimba kaburi, wewe ndiye mchekeshaji, wewe ndiye wa kumwigiza marehemu alivyotembea na alivyokula, ili wafiwa wapumue. Msiba bila watani ni mchuzi bila chumvi. Alfredi anajulikana kwa kazi hiyo kutoka hapa mpaka Masasi. Hawezi kukataa.

Sasa anahitajika marehemu. Mjomba Bwanali, kaka wa mama yangu, anaishi Nanganga, mbali kabisa, barabara ile ya kwenda Lindi. Mzee mzima, afya ya chuma. Simu yake ilizama kisimani, akaapa hanunui nyingine. Na hata angekuwa nayo, nani hupiga simu kuuliza kama kweli mtu amekufa? Ni utovu wa adabu.

Siku moja tu. Jumamosi atakuwa hai tena. Kipande cha keki.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nilimkuta Alfredi shuleni anasahihisha madaftari. Nilimwambia kwa Kiswahili, bila msemo wowote. Mjomba Bwanali ametutoka, anazikwa kesho baada ya swala.

Alivua kofia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, sikuwa nimejiandaa kwa mikono. Akasema atakwenda, na jembe atabeba la kwake. Nikamwambia atangulie na basi la alfajiri, mimi nitafuata. Yote yakaenda kama nilivyopanga. Nilitembea kurudi nyumbani kwa raha.

Nilisahau jambo moja. Mtani ndiye hutangaza msiba.

Chai haijachemka, uwanja wa Bi Ziada umejaa watu. Wanawake wameshafunga kanga viunoni. Mmoja kaleta unga, mwingine kuni, mwingine, Mungu anisamehe, ndoo ya maji. Nikalia. Ningefanya nini? Kulia kwenyewe si kazi ngumu ukimwona mtu anakuletea ndoo nzima ya maji mwezi wa Oktoba.

Wazee wakanikumbusha kwamba kwetu mpwa ndiye mrithi wa mjomba, nijikaze, ile mikorosho ya Nanganga sasa inanitazama mimi. Nikajikaza. Sikuwa nimeifikiria mikorosho kabisa. Nikaifikiria kidogo.

Kisha Bi Ziada akasimama akasema kikundi kizima kitakwenda. Wamekodi Fuso, na Alfredi atapanda nao. Watavaa sare yao ya kitenge.

Nikaruka. Nikamwuliza na wageni je? Ijumaa ndiyo siku yenyewe, mwaka mzima wa kazi! Bi Ziada alinitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. "Mwanangu," akasema, "mgeni anaweza kurudi siku nyingine. Maiti hana siku nyingine."

Simu ya wageni imepigwa, haipatikani. Basi.

Mama Naima alikuja kukaa karibu yangu kwenye mkeka. Hapo nikaviona vidole vyake. Wanawake hawa wameunguza vidole msimu mzima wakisubiri kesho, na kesho wanaiacha kwa ajili yangu. Nilitaka kumwaga maharage. Kweli nilitaka. Lakini nikaona kumbe ni bahati! Wao wakienda, wageni wakija, nitakuwepo mimi peke yangu kuwapokea. Nitaokoa kikundi. Nitakuwa nimewaua na kuwafufua kwa siku moja.

Nimewaambia natangulia na bodaboda hadi Newala mjini ili niwahi basi. Wakanibariki. Nimezunguka nyuma ya nyumba, nimejificha kwenye stoo ya kikundi. Naandika hapa. Nimeegemea rundo la maganda ya korosho. Ni laini kuliko nilivyofikiri.

Ijumaa, 11 Oktoba

Maganda ya korosho hayaegemewi. Kila mtu anajua. Mimi pia najua, sema nilikuwa na mawazo. Mafuta yake yamenichoma shavu lote la kushoto na nusu ya paji. Jicho limefumba. Nimejitazama kwenye sufuria, nikajisalimia shikamoo.

Hata hivyo nikavaa tai. Fuso ilikuwa imeshaondoka. Mkunya kimya! Mbuzi, bata wa jirani, na mimi. Nikatandika kanga juu ya meza, nikapanga viti kwa wageni. Nikafanya mazoezi ya misemo mbele ya mbuzi. Alivumilia.

Adhuhuri. Hakuna mgeni. Nikala mabibo yaliyoanguka mikoroshoni, matamu sana msimu huu. Alasiri. Hakuna. Nikaanza kufikiri wamepotea.

Jua linapoelekea kushuka nikasikia honi. Na nyimbo. Fuso inakuja na kina mama wote, wanaimba nyimbo za harusi. Mbele yake gari jeupe la wageni. Na ndani ya gari jeupe, kiti cha mbele, amekaa Mwalimu Alfredi.

Alishuka mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, anatembea na fimbo, goti limefungwa bandeji. Nyuma yake mwenzake, kijana. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikapaza sauti: "Break a leg!"

Nyimbo zikakatika. Alfredi akajifunika uso. Bi Ziada hajui Kiingereza, lakini msemo ule alikuwa anaukumbuka.

Yule mama akatazama goti lake. Akanitazama mimi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akamwegemea Bi Ziada. Alfredi akatafsiri: jina lake Getrude, ni Mjerumani, na kwao kumtakia mtu heri humwombea avunjike shingo na mguu kwa pamoja. Bibi yake alikuwa akimwambia hivyo kila siku ya mtihani. Hakutegemea kuambiwa Mkunya.

Shingo na mguu! Kumbe nilimpa nusu tu. Alinishika mkono, akautikisa, hakuuachia upesi. Kwa muda huo nilikuwa mkalimani, mbele ya watu wote, jicho moja.

Kina mama walinizunguka. Pole, Fikirini. Pole sana, baba, umelia mpaka uso umechubuka. Wakamnyooshea Alfredi kidole na kumwita muuaji, huku wanacheka. Sielewi chochote. Nimekubali pole zote. Pole haikataliwi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Bi Ziada amenieleza huku ananipaka mafuta ya nazi shavuni.

Walifika Nanganga kabla ya adhuhuri. Alfredi akaruka kutoka kwenye Fuso akaanza kazi yake hapohapo njiani. Akamwigiza Mjomba Bwanali: mikono nyuma, hatua tatu, anageuka kuangalia kama mlango wa banda la kuku umefungwa. Hatua tatu, anageuka tena. Wanawake wanalia na kucheka kwa wakati mmoja, kama inavyotakiwa. Mara sauti nyuma yao ikasema: "Mimi sitembei hivyo."

Mjomba mwenyewe. Ametoka shambani na kikapu cha korosho.

Wawili walizimia. Fuso ilirudi nyuma peke yake. Mjomba akauliza nani aliyeleta habari kwamba amekufa, na wakati anauliza, uso wake haukuwa mzuri, kwa sababu anajua kwetu nani anarithi nani. Akauliza pia mpwa wake yuko wapi. Watu wakatazamana.

Alfredi akapiga magoti, akajimwagia vumbi kichwani. Akasema ni yeye. Kwamba ni utani wake, alimdanganya Fikirini, Fikirini akalia mpaka akashindwa kupanda basi, na sasa yuko nyumbani akiwasubiri wageni. Mjomba alimtazama sana. Halafu alicheka mpaka ikabidi akalishwe. Mzee ameona msiba wake kwa macho yake, Fuso nzima, unga, kuni. Alipita akiwatazama mmoja mmoja waliomlilia. Akachinja mbuzi. Mjomba Bwanali, ambaye hujawahi kumwona akichinja hata kuku!

Wageni walikuwa wanatoka Lindi. Barabara inapita palepale. Mama Getrude akaona wanawake wa sare moja wanacheza ngoma chini ya mikorosho, akamwambia dereva asimame. Korosho walizobeba kwa ajili ya msiba akazila akiwa amekaa mkekani, na nyama ya mbuzi kwa mkono. Alfredi akamweleza kila kitu kwa maneno yake makavu. Wamepatana hapohapo. Watanunua. Walikuja Mkunya baadaye kuona banda tu, na kulala.

Mambo yote yangu! Msiba wangu, mjomba wangu, barabara ya mjomba wangu. Na sifa ni za Alfredi.

Nikamfuata shuleni. Nilitaka kumwuliza kwa nini amechukua jambo langu akalifanya lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Mtani," akasema, "ningesema kweli pale, ile mikorosho ungeisikia kwa watu. Na Mama Naima pia."

Nadhani anajisifu. Kisha akadai fidia ya mtani kwa kujipaka vumbi kwa niaba yangu. Akachukua tai. Nimemwona anaivaa kupeleka watoto mstarini. Haimpendezi hata kidogo. Lakini nimegundua sina hasira naye, na hilo limenikera siku nzima.

Wageni waliondoka mchana. Nikaenda kwa Mama Naima kuchukua jibu. Alikuwa anamenya korosho uani, Naima yuko shuleni kwa masomo ya ziada. Nikamwambia yeye ni tunda la jicho langu, ndivyo Waingereza humwambia mpenzi. Kwao tunda hilo ni tofaa, mimi nikaweka bibo ili alielewe. Akasema bibo likiingia jichoni linawasha. Nikasema niko juu ya mwezi. Akasema ananiona niko uani kwake.

Kisha akanyoosha kidole, akagusa karibu na shavu langu bovu. "Machozi hayachubui ngozi, Fikirini. Mimi nabangua korosho, najua kilichokuchoma." Nikaanza kuzisifu korosho zake. "Unazunguka kichaka," akasema. "Toka Jumatatu unazunguka kichaka. Sema unachotaka."

Nikasema: Nataka kukuoa.

Neno zima nililibeba miezi yote hii, na lilikuwa dogo hivyo! Hakucheka. Aliendelea kumenya, lakini polepole. Akasema sawa, nije Jumatatu, ni sikukuu, wazee wake watakuwepo. Nije na mjomba wangu, kama desturi. "Ila aje mzima," akasema.

Nimerudi nyumbani bila kujua njia niliyopita. Nimefurahi mno. Bi Ziada amenipa maji ya kuoga, ndoo nzima, akasema ni zawadi.

Jumapili, 13 Oktoba

Asubuhi nilipiga simu dukani kwa jirani wa Mjomba Bwanali, akaitwa. Nikamweleza kwa heshima zote, shikamoo mbele, habari ya posa nyuma. Akapokea vizuri. Akasema amefurahi, huyo mwanamke alimwona, alilia vizuri. Atakuja.

Nikamwuliza kesho saa ngapi. Akasema kesho? Yeye ana korosho za kuanika na mnada unakuja, na juzi tu ametoka kwenye msiba wake, bado amechoka. Atakuja msimu ukiisha. Krismasi hivi, au baada yake.

Baada ya Krismasi! Nimekaa barazani nikafikiri. Mama Naima amesema kesho. Wazee wamealikwa. Nani huyo asiyeweza kuahirisha safari, awe na korosho, awe na mnada, awe amechoka?

Mtu anayekwenda msibani.

Nimeona nilipokosea wiki hii. Nilimwua mtu asiye sahihi. Nikifa mimi, mjomba atafika kesho kabla jua halijapanda. Ni mpwa wake wa pekee. Hawezi kuchelewa. Atanikuta nimekaa kwenye kiti, nimeoga, tutacheka kidogo, kisha twende moja kwa moja kwa Mama Naima. Aje mzima, alisema. Atakuja mzima. Mimi ndiye nitakuwa marehemu, na kuhusu mimi hakuweka sharti lolote.

Nimemfuata Alfredi kumpa habari, maana mtani ndiye hutangaza. Nilitegemea atanibishia. Hakubisha. Aliuliza kama nina uhakika, akasema hili ni kipande cha keki. Amejifunza! Nikampa mkono. Ameomba tu ruhusa ya kubaki na tai, akasema ataihitaji kwa kazi.

Alasiri nzuri. Upepo kutoka bondeni, harufu ya mabibo kila mahali. Shavu linapona. Kesho nitakuwa mchumba wa mtu.

Nje kuna kelele. Nimechungulia dirishani. Alfredi anafanya mazoezi mbele ya nyumba, kina mama wamejaa, Bi Ziada ameshika mbavu, hata Mama Naima yupo, amejifunika mdomo kwa kanga. Alfredi anatembea kifua mbele, mkono mmoja umeshika tai isipeperuke, macho yako mawinguni, anajikwaa kwenye ndoo, anaiomba radhi, anaendelea.

Mimi sitembei hivyo.